Kosa la Anayesifu

Katika kanuni za watawa wa Kibudha kuna kisa cha mtawa aliyechoka na maisha. Alipanda mlima uitwao Kilele cha Tai, karibu na mji wa Rajagaha huko India, akajitupa chini. Hakufa. Alimwangukia fundi wa kusuka vikapu, na fundi ndiye aliyekufa. Mtawa akainuka na hofu mpya: je, nimeua? Akapeleka kesi yake kwa Budha. Akaambiwa kosa la kuua halimpati, maana hakukusudia kumuua yule fundi. Ila tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba mtawa asijitupe, na akijitupa ana kosa. Ni kosa dogo, la ngazi za chini katika orodha yao ndefu.

Nilikisoma zamu ya usiku, kwenye simu, wodi ilipotulia kidogo. Mtawa hakunishughulisha sana. Aliyenikaa moyoni ni fundi. Kazi yake imeandikwa, jina lake halikuandikwa, na kwenye ule ugomvi wa mtawa na maisha yeye hakuwa na lake.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeraha ya moto hapa Nairobi. Wagonjwa wetu wengi ni watoto waliomwagikiwa na chai, akina mama waliolipukiwa na stovu ya mafuta ya taa, vijana waliokutwa usingizini nyumba za mabati zikiwaka Mukuru au Mathare. Wachache sana huletwa kwa tendo la mikono yao wenyewe. Siwaelezi hapa, hawakuniruhusu. Nitasema tu kwamba wengi wa hao niliowahudumia, fahamu ziliporudi, walikuwa wanataka kuishi, na walilitaka hilo kwa haraka iliyonishangaza. Na kama wewe unayesoma una uzito wa aina hiyo, funga hii simu umpigie mtu unayemwamini umwambie waziwazi. Makala itakungoja.

Sikuanza kusoma habari za Wabudha kwa sababu ya dini. Mimi ni Muanglikana, na uzee huu sitafuti kanisa lingine. Nilianza kwa sababu ya Kevo, mtoto wa kaka yangu. Juni 2025, watu wakikumbuka mwaka mmoja wa vijana waliouawa kwenye maandamano ya tarehe 25 Juni 2024, aliweka kwenye stetasi yake picha ya yule mtawa wa Saigon aliyeketi ndani ya moto. Chini yake akaandika: “Hii ndiyo bei ya uhuru. Nani yuko tayari?”

Nikampigia.

“Kevo, ondoa hiyo picha.”

“Kwani imefanya nini, Shangazi? Si ni historia tu?”

“Picha ni historia. Hayo maneno yako ya chini si historia.”

Hakuiondoa. Zile stetasi hufutika zenyewe baada ya siku nzima, kwa hiyo alishinda kwa kungoja. Lakini tuliendelea kubishana wiki baada ya wiki, na kwa kuwa yeye ni mtu wa chuo kikuu na mimi ni mtu wa dripu na bandeji, nikaona heri nisome nisije nikabishana kwa umri peke yake.

Picha yenyewe ilipigwa na Malcolm Browne wa shirika la habari la Associated Press, tarehe 11 Juni 1963, kwenye makutano ya barabara mjini Saigon. Mtawa ni Thích Quảng Đức, mtu wa miaka zaidi ya 60. Waandishi wa kigeni walikuwa wamedokezwa usiku uliotangulia kwamba kutakuwa na jambo kubwa, na wengi hawakujisumbua kufika. Walioshuhudia waliandika kwamba hakutikisika wala kutoa sauti. Ninaamini. Nimeona watu wakivumilia mambo ambayo vitabu vyetu vya uuguzi vinasema hayavumiliki. Lakini picha haina harufu, na haina kesho yake. Kwa mtu wa kazi yangu, hapo ndipo picha hii inapodanganya, hata kama kila kilichomo ni kweli.

Nilimuuliza Kevo: huyo mtawa alikuwa anadai nini?

“Uhuru, Shangazi.”

Hapana. Wabudha wa Vietnam Kusini walikuwa na madai matano, yameandikwa, mtu anaweza kuyasoma wakati matatu inajaza pale kituo cha Ambassadeur. Mwezi Mei mwaka huo, siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Budha, serikali ya Rais Ngô Đình Diệm ilikuwa imewakataza kupeperusha bendera ya dini yao mjini Huế. Siku chache tu kabla, bendera za Kikatoliki zilikuwa zimejaa mji uo huo kwa sherehe ya askofu mkuu, ndugu yake Diệm. Watu waliandamana, askari wakashambulia, waandamanaji wakafa, watoto wakiwemo. Ndipo wakadai katazo la bendera liondolewe, Wabudha wawe na haki sawa na Wakatoliki, kamatakamata ikome, watawa na waumini waachwe waabudu na kueneza dini yao, na familia za waliouawa zilipwe fidia, wahusika waadhibiwe.

Basi. Ni madai ambayo ungeweza kuyapeleka kwa chifu. Kevo alinyamaza, kisha akasema hajawahi kuyaona popote, na amekutana na ile picha mara nyingi sana tangu akiwa darasa la saba. Moto umeila barua. Quảng Đức aliacha barua pia, akimwomba Rais awe na huruma kwa wananchi na atende haki kwa dini zote. Barua ya heshima, ya mzee. Nani anaisambaza?

Sasa, je, dini yake inaruhusu? Hapo nilitumbukia kwenye bahari. Wabudha wenyewe wamelibishania kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Upande mmoja kuna maandiko yanayosifu kuutoa mwili. Kuna mwana mfalme aliyejitoa aliwe na chui milia mwenye njaa ili watoto wa chui wasife. Kuna sungura aliyerukia moto ili mgeni apate kitoweo. Na katika maandiko ya Lotus, sura ya 23, yupo mtakatifu aitwaye Mfalme wa Dawa aliyewasha mwili wake kama sadaka ya nuru. Watawa wa China walianza kumfuata tangu karne ya 4 na ya 5, wengine wakichoma vidole, wengine mwili mzima, na kuna waliofanya hivyo mbele ya umati uliokuja kutazama kama unavyokuja harambee.

Upande wa pili kuna watawa waliosema hapana. Yijing, mtawa wa China aliyesafiri hadi India katika karne ya 7 kujifunza kanuni zilikotoka, aliandika kwa ukali dhidi ya vijana waliokuwa wakijichoma. Hoja yake, kwa maneno yangu: zile ni habari za watakatifu wa juu, wewe mtawa umeapa kufuata kanuni, na kanuni hazikupi ruhusa hiyo. Nilimpenda Yijing. Anaongea kama matroni.

Halafu kuna Thích Nhất Hạnh, mtawa wa Vietnam, na huyu sikuweza kumpita haraka. Juni 1965 alimwandikia Martin Luther King barua kuhusu waliojichoma Vietnam. Alisema kule si kujiua. Anayejiua, alieleza, amekosa ujasiri wa kukabili maisha, au amepoteza matumaini, au hataki tena kuwepo. Mtawa anayejichoma ana ujasiri, ana matumaini, anataka mema ya watu. Haendi kufa, anaenda kusema kitu kwa nguvu zake zote. Alikumbusha kwamba hata wakati wa kuapishwa, mtawa wa kwao huchomwa vialama vidogo mwilini, ili kiapo kiwe na uzito. King alimwelewa kiasi kwamba 1967 alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Mei, mwanafunzi wake mmoja, Nhất Chi Mai, alijichoma Saigon akiombea amani. Mbele yake aliweka sanamu ya Bikira Maria na ya Quan Âm, mtakatifu wa huruma wa Wabudha, ili Wakatoliki na Wabudha waungane kwa ajili ya amani. Nilisoma hilo nikaweka simu chini, nikaenda kuangalia wagonjwa waliokuwa hata hawajaita.

Ninamheshimu Nhất Hạnh. Lakini maelezo yake ya anayejiua si ya watu ninaowajua. Wagonjwa wangu hawakukosa ujasiri. Na wapo waliodhani wanasema jambo kwa nguvu zao zote, kwa mume, kwa mwajiri, kwa nchi, na aliyekusudiwa kusikia akawa amezima simu. Mstari kati ya anayekufa kwa kukata tamaa na anayekufa ili aseme sijauona kitandani. Huenda uko wazi ukiwa mtawa wa miaka 60 uliyekaa katika tafakari maisha yako yote. Kwa kijana wa miaka 22 asiye na kazi, aliyelala njaa, na ambaye jana kwenye simu ameulizwa “nani yuko tayari?”, nionyesheni huo mstari.

Nikarudi kwenye kanuni, maana yule fundi wa vikapu alikuwa bado ananisumbua, na hapo ndipo nilipokuta kitu ambacho Kevo hakukitarajia.

Makosa makubwa kabisa ya mtawa ni manne. Akilitenda mojawapo, utawa umekwisha, harudi. La tatu ni kuua mtu kwa kukusudia. Lakini kanuni haikuishia kwenye kuua. Inamhusu pia anayemtafutia mwenzake mtu wa kumuua, anayekisifu kifo, na anayemshawishi mwenzake afe, akimwambia maisha haya ya taabu yana faida gani kwako, heri ufe. Kisa chake ni hiki: kundi la watawa sita watukutu walimtembelea mwanamume mgonjwa mwenye mke mrembo. Walimtamani yule mke. Wakamwambia mgonjwa, ndugu, wewe umetenda mema, mbinguni kumekungoja, unang’ang’ania nini hapa? Mgonjwa akaamini, akaanza kula na kunywa vya kumdhuru, akafa. Mjane ndiye aliyewashtaki.

Anayesifu hivyo, mtu akafa, amekuwa kama jiwe pana lililopasuka vipande viwili, lisiloweza kuunganishwa tena. Hiyo ndiyo lugha ya kanuni.

Linganisha. Mtawa anayepanda mlimani na kujitupa: kosa dogo, anaungama na kuendelea na utawa. Mtawa anayekaa kando ya kitanda akikisifu kifo kwa maneno mazuri, na mgonjwa akafa: amekwisha. Budha hakumtwisha mzigo mkubwa aliyezidiwa. Alimtwisha mwenye ulimi.

Tena cha kushangaza, sheria yetu ya Kenya inafanana na hiyo kwa umbo. Kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemshauri au kumsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 226 kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu pia, na tuliiona hiyo wodini: mgonjwa ana dripu mkono mmoja, pingu mkono wa pili, askari ameketi kwenye kiti cha wageni akichezea simu. Ndugu walikuwa wanatudanganya kuhusu ajali, na sisi tunaandika ajali, na daktari wa akili haitwi kwa kuwa kwenye faili hakuna sababu ya kumwita. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Siku hiyo kwenye chumba cha chai cha wauguzi kulikuwa na vifijo. Hapo tulimkaribia Budha bila kujua.

Kuna kisa kingine ambacho ningekibandika ukutani wodini kama ningeruhusiwa. Mtawa Channa alikuwa mgonjwa mahututi, maumivu makali. Sariputta, mwanafunzi mkuu wa Budha, akaja kumwona. Channa akamwambia amekata shauri kuyamaliza. Sariputta hakumhubiria. Alimwambia asifanye hivyo, aishi, tunataka uishi. Kama huna chakula kinachokufaa, nitakutafutia. Kama huna dawa, nitakutafutia. Kama huna wa kukuhudumia, nitakuhudumia mimi. Mwishowe Channa alifanya alilotaka, na wanazuoni bado wanabishana kwa nini Budha alisema hana lawama. Wabishane. Mimi nimechukua yale maneno ya Sariputta, maana ni orodha ya kazi ya muuguzi: lishe, dawa, mtu wa kukaa naye.

Kevo akaniambia: “Kwa hiyo Shangazi, mtu asiutoe mwili wake kwa ajili ya wengine? Na wale akina mama wa Freedom Corner?”

Swali zuri, na lilinipata nyumbani, kwa sababu mama yangu aliwajua baadhi yao. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao 52. Wakaambiwa waende nyumbani wangoje. Wakasema watangojea Uhuru Park, kwenye kona iliyokuja kuitwa Freedom Corner, bila kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu. Ndipo wazee wale wakavua nguo mbele ya askari wa rika la watoto wao. Anayejua uzito wa laana hiyo haulizi kwa nini polisi waligeuza nyuso.

Baadaye walihamia chini ya Kanisa Kuu la All Saints, ng’ambo ya barabara, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mama yangu alikuwa katika chama cha akina mama wa kanisa. Mfungo wa njaa ulipokwisha walikuwa wakipeleka chai, uji na mablanketi kwa zamu, na kurudi na vyombo vya kuosha. Ukimuuliza leo atakuambia kuhusu vyombo kabla hajakuambia kuhusu siasa. Kufikia mapema 1993 karibu wana wote walikuwa wameachiliwa, Koigi wa Wamwere akiwa mmoja wao.

Kufunga kula nako ni kuuumiza mwili, sikatai. Budha mwenyewe alijaribu kufunga hadi akabaki mifupa, akaona hakumfikishi, akala wali wa maziwa aliopewa na Sujata. Lakini mfungo una mlango wa kurudi. Unampa mwenye mamlaka nafasi ya kuaibika, unampa jirani nafasi ya kuleta uji, na mwenyewe bado yupo kesho yake kuuliza, haya, mwanangu yuko wapi? Wale akina mama waliibana serikali kwa kuendelea kuwepo. Wangekufa siku ya kwanza, ingetolewa rambirambi na bustani ikafagiwa.

Hata hivyo hoja yangu ina mahali inapouma, na ni Tibet. Tangu 2009, kuanzia na mtawa mmoja wa nyumba ya utawa ya Kirti huko Ngaba, zaidi ya Watibeti 150 wamejichoma moto. Serikali ya China ililijibu hilo kwa kuwashika waliobaki: jamaa, marafiki, watawa wenzao, kwa kosa la kuchochea. Januari 2013 mtawa mmoja wa Kirti alihukumiwa kifo, utekelezaji ukisimamishwa kwa miaka miwili. Kanuni ileile ninayoipenda, ya kumwadhibu anayesifu, mikononi mwa dola imekuwa fimbo ya kuwapigia wafiwa. Kwa hiyo simwombi mtu yeyote aipeleke polisi stetasi ya mpwa wangu. Hapa Kenya tunajua neno “uchochezi” limetumiwa kwa nani. Budha alikuwa akiongea na watawa waliochagua kuishi chini ya kanuni, na adhabu yake ilikuwa kutoka utawani, basi.

Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, amebanwa pabaya hapo. Akiwasifu, anawasukuma wengine. Akiwalaumu, anawavunja ndugu zao walio na msiba. Mwaka 1998, Thupten Ngodup alipojichoma mjini Delhi, Dalai Lama alikwenda hospitali kumwona akiwa bado hai. Alimwambia asiondoke na chuki kwa Wachina. Hakumwambia umefanya vyema, hakumwambia umekosea. Kama muuguzi, nasema huyo anajua kuingia wodini.

Nilimweleza Kevo yote haya Jumapili moja nyumbani kwa kaka, baada ya chakula. Alisikiliza, kisha akatoa alilokuwa ameliweka akiba.

“Lakini Shangazi, bila ule moto Diệm angeanguka?”

Nikamwambia Diệm aliangushwa na majenerali wake mwenyewe tarehe 1 Novemba 1963, Marekani ikijua, akauawa kesho yake. Vita vikaendelea hadi 1975.

“Hilo si jibu.”

“Si jibu,” nikasema. “Na hakuna mwenye jibu. Ninachokuuliza ni kingine. Ungeandika ‘nani yuko tayari?’ kama ungejua ni nani anasoma?”

Akasema atafikiria. Kaka akawasha redio, mechi ilikuwa inaanza.